Hiyo kamba unayoiita manila sio manila

Kuna ubishi mmoja wa kamba nimeusikia mara nyingi mpaka nimeona bora niuandikie. Huwa unaenda hivi: mmoja anasema manila ni imara kuliko katani, mwingine anasema wee, katani ndio kamba, manila inateleza tu, wa tatu anadakia kwamba zote hizo takataka, nailoni ndio kiboko yao. Sasa waambie kila mmoja alete hiyo kamba yake. Utakuta wa manila na wa nailoni wameleta kamba ileile, ile ya bluu inayong'aa. Wamebishana nusu saa, kumbe mmoja anaponda na mwenzake anasifia kitu kimoja.

Na hiyo ya bluu, mara nyingi, sio manila na wala sio nailoni. Ni polipropilini, plastiki ya ukoo uleule wa viti vya plastiki na yale magunia yaliyofumwa kwa nyuzi bapa.

Manila ya kweli ni kamba ya mmea. Nyuzi zake zinatoka kwenye shina la abaka, mmea wa Ufilipino ambao ni ndugu kabisa wa mgomba, ukiuona kwa mbali utasema mgomba tu. Nyuzi zilikuwa zinasafirishwa kupitia bandari ya Manila, jina likaganda hapohapo. Rangi yake ni ya kahawia inayoelekea dhahabu, yaani kwa macho inafanana na katani, haifanani hata kidogo na hiyo ya bluu. Hata karatasi ya manila, ile ngumu ya kuchorea chati shuleni, jina limetoka hukohuko, maana zamani ilitengenezwa kwa nyuzi za abaka, zikiwemo kamba za meli zilizochakaa zikasagwa upya. Siku hizi ni karatasi ya miti ya kawaida. Kwa hiyo hilo jina limeshahama mara mbili, na kila likihama watu wanaamini kitu ni kilekile.

Basi tuanze na majina, maana bila hayo hatufiki. Kamba za asili ni zile ambazo nyuzi zake zimeota. Katani ni nyuzi za majani ya mkonge, usumba ni nyuzi za makumbi ya nazi, halafu kuna pamba, juti, abaka, na hempu ambayo ni mmea wa jamii moja na bangi na ndio iliyofunga matanga ya meli za Ulaya kwa karne nyingi. Kamba za sintetiki ni zile ambazo nyuzi zake zimetengenezwa kiwandani, malighafi yake ikiwa hasa mafuta ya petroli na gesi: nailoni, poliesta, polipropilini, polietilini na nyingine za gharama nitakazozigusa baadaye. Neno "plastiki" ni jina la ukoo tu. Ukisema "kamba ya plastiki haifai kuvutia gari" ni kama kusema mnyama hafai kupanda, sawa, mnyama gani sasa?

Sasa uimara unatoka wapi. Juzi nilikaa chini na vipande viwili virefu, kimoja cha katani na kimoja cha bluu, nikavifungua pole pole. Vyote vina misokoto mitatu minene. Msokoto mmoja ukiufungua unakuta nyuzi kadhaa zilizosokotwa, na uzi ukiufungua ndio unaukuta unyuzi wenyewe. Kila hatua imesokotwa kinyume na iliyotangulia, na hapo ndipo akili ya kamba ilipo: uzi unataka kujifungua upande huu, msokoto unataka kujifungua upande ule, basi wanabanana na hakuna anayefunguka.

Nikaanza kuvuta unyuzi mmoja mmoja. Wa katani ukaja, ukaja, ukaisha, urefu wake kama mita moja hivi. Huo ndio mwisho wake, kwa sababu jani la mkonge ndipo linapoishia. Wa bluu ulikuwa bapa kama utepe uliochanikachanika, na haukuwa na mwisho wowote isipokuwa pale nilipokata mimi kwa kisu.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na watu wengi hawaijui. Kamba ya asili yenye urefu wa mita mia mbili imetengenezwa kwa vipande vifupi: katani mita moja na kidogo, abaka inaweza kuzidi mita mbili, pamba ni sentimita chache tu. Hakuna gundi inayoviunganisha. Kinachovishika ni kule kubanana kwa msokoto, na ukivuta zaidi ndio vinazidi kubanana. Fikiria mstari wa watu walioshikana mikono uwanja mzima, nguvu ya mstari ni nguvu ya kushikana kwao. Kamba ya plastiki ya kawaida ni kama mtu mmoja mwenye urefu wa uwanja mzima. (Zipo za plastiki ambazo nyuzi zimekatwakatwa makusudi ziwe na manyoya zisiteleze mkononi, hizo zinarudi kwenye tabia ya kushikana mikono.)

Tena sio urefu tu. Plastiki inayeyushwa, inakamuliwa kwenye vitundu vidogo kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu, halafu ule uzi unavutwa ukiwa bado unakubali kuvutika. Kabla ya kuvutwa, molekuli zake ndefu zimejikunja hovyo kama nywele zilizoamka asubuhi. Kuvuta ni kuzichana: zinalala upande mmoja, zote zinashiriki kubeba. Plastiki ileile ikiwa kiti haina nguvu hiyo, ikiwa uzi uliovutwa inakuwa nayo.

Kwa hiyo ndiyo, kwa nguvu tupu plastiki inashinda. Kamba mpya ya kusokotwa ya milimita 12, ya katani inakatika kwenye uzito wa karibu tani moja, manila ya kweli inazidi hapo kidogo, polipropilini inafika kama tani mbili, poliesta inapita hapo kidogo, nailoni inakaribia tatu. Namba zinatofautiana kiwanda hadi kiwanda ila mpangilio ndio huo. Na usije ukasoma "tani mbili" ukaenda kuning'iniza tani mbili! Hiyo ni namba ya kukatikia, sio ya kufanyia kazi. Watengenezaji wanakwambia ugawe kwa 5 mpaka 12 kutegemea na kazi, na kama kuna mtu chini ya mzigo huo, gawa kwa kubwa. Na fundo nalo linakula nguvu, theluthi hivi, mengine mpaka nusu, kwa sababu kwenye kona ya fundo nyuzi za nje zinavutwa sana na za ndani zimekaa tu. Ndio maana mabaharia hawapendi fundo la kudumu, wao wanafungua ncha na kuzisuka kurudi ndani ya kamba yenyewe, hapo nguvu haipotei sana.

Lakini uimara ndio swali watu wanalouliza kwanza na mimi naona lingekuja la tatu au la nne. La kwanza ni kunyumbuka.

Nailoni inanyumbuka vibaya sana, mpaka ikaribie kukatika inaweza kuwa imeongezeka robo ya urefu wake au zaidi. Ni sifa na ni balaa. Ni sifa kama unavuta gari lililokwama au meli imefungwa gatini na mawimbi yanaitikisa, kamba inapokea mshtuko badala ya kuupeleka wote kwenye chuma. Kamba za kisasa za wapanda milima ndani ni nailoni kwa sababu hiyohiyo, mtu akianguka inamshika taratibu, haimkati kiuno. Enzi za kamba za hempu na manila, kanuni ya anayetangulia kupanda ilikuwa moja: usianguke.

Balaa ni pale inapokatika. Ile nguvu yote uliyoivutia imewekwa ndani ya kamba kama manati, na ikikatika inarudi yote kwa mara moja. Mwaka 1997 mjini Taipei kulikuwa na mchezo wa kuvuta kamba, watu zaidi ya elfu moja, kamba ya nailoni ikakatika na wanaume wawili wakang'olewa mkono mmoja mmoja. Huko melini ndio usiseme, baharia mzoefu ukimwona hasimami kwenye mstari wa kamba iliyokaza, hata awe na haraka vipi. Katani na manila hazirudi kwa ukali huo, na mara nyingi zinalialia na kutoa nyuzi kabla ya kukatika, zinakupa muda wa kukimbia.

Poliesta ipo katikati: ina nguvu karibu na nailoni ila hainyumbuki sana, na jua inalivumilia. Ukitaka kitu kipandishwe juu kibaki pale ulipokifunga, tanga au bendera, hiyo ndio yake. Nailoni utaifunga imekaza asubuhi, jioni imelegea.

La pili ni maji. Hapa kuna imani kwamba kamba ya asili ikilowa inakuwa dhaifu na ya plastiki haijali. Nusu yake ndio kweli. Unyuzi wa pamba ukilowa unaongezeka nguvu, ndiyo, unaongezeka. Tatizo la kamba za mimea sio kulowa, ni kukaa zimelowa. Zinavimba, kamba inanenepa na kufupika, fundo ulilofunga asubuhi kwa vidole viwili mvua ikinyesha utalifungua kwa meno, halafu ukiihifadhi mbichi kwenye giza ukungu unaingia na kuanza kuila kwa ndani. Nailoni, ambayo watu wanadhani haina habari na maji, ndiyo inayoyanywa, na ikilowa inapungua nguvu kama asilimia 10 hadi 15. Ikikauka inarudi. Poliesta na polipropilini ndizo hazijali.

Usumba nao ni kituko cha aina yake. Una nguvu ndogo kuliko hizo zote nilizotaja, ila maji ya chumvi hauyaogopi na unaelea muda mrefu. Hata kuutengeneza kunaanza kwa kuozesha: makumbi yanalowekwa au kufukiwa kwenye matope miezi kadhaa mpaka nyama yote ilainike, yanapondwa, kinachobaki ndio nyuzi ambazo uozo umeshindwa kuzila. Sasa kitu ambacho kimeshinda miezi ya matope, bahari itakifanya nini? Mitepe, vile vyombo vya zamani vya pwani ya Lamu, mbao zake zilishonwa kwa kamba ya usumba bila msumari hata mmoja.

Kuelea nako kuna maana yake. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, lita moja yake ina uzito wa gramu 900 na kitu, ndio maana kamba ya kumrushia mtu anayezama huwa ya jamii hiyo. Nailoni na poliesta zinazama. Kamba ya kuelea ukiitumia kufungia nanga inakaa juu juu inasubiri pangaboi ya mtu mwingine, na hapo lawama sio ya kamba.

Jua ndio adui ambaye plastiki haimsemi. Polipropilini isiyowekewa dawa ya kuikinga inaweza kukaa nje msimu mmoja wa jua kali ikaisha kabisa, unaigusa inakuachia unga na vijichengachenga mkononi. Na hapa tuzike ile hadithi kwamba plastiki haiozi hivyo inadumu milele. Haiozi, kweli. Inavunjika, inakuwa vipande vidogo na vidogo zaidi vinavyoingia kwenye udongo na bahari, kwa hiyo umepoteza kamba na uchafu umebaki nao. Nyavu na kamba za plastiki zinazopotea baharini zinaendelea kunasa samaki na kasa hakuna mtu anayezivuta. Katani ukiisahau shambani inageuka udongo. Ila nao wanaosema katani haina kemikali wajue kwamba kiwandani nyuzi nyingi hupakwa mafuta ili zisokoteke vizuri na zisinywe maji haraka, mara nyingi mafuta ya madini, ndio ile harufu ya kamba mpya.

Halafu joto. Nyuzi za mimea haziyeyuki, zinaungua. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, na joto hilo halihitaji moto, msuguano unatosha. Ukipitisha kamba ya bluu kwa kasi juu ya kamba nyingine ya bluu, ya juu inaikata ya chini kama msumeno. Hata kuiachia mzigo mzito iteremke mikononi, katani itakuchubua, ya plastiki itakuchoma.

Sasa ilikuwaje tukahama kutoka kwenye majani kwenda kwenye mafuta? Sio kwamba watu waliamka wakachoka na katani. Mkonge ulitoka Meksiko, rasi ya Yucatán, na kwa Kiingereza nyuzi zake zikapewa jina la bandari ya huko iliyoitwa Sisal. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaingiza miche Tanga, ikawa zao la mashamba makubwa, na mpaka leo mashine ya kuchakata majani inaitwa korona, na jina hilo lilikuwepo muda mrefu kabla ya ugonjwa. Kwa uzito, jani zima linatoa nyuzi kama asilimia 4 tu, mengine ni maji na makapi, jionee mwenyewe kazi iliyopo. Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 na timu ya Wallace Carothers kwenye kampuni ya DuPont, Marekani. Ilianza na miswaki na soksi za wanawake. Kisha vita ya pili ya dunia, Japani ikaikalia Ufilipino, na Wamarekani wakajikuta jeshi la maji halina manila. Serikali yao ikawa inawahimiza wakulima walime hempu, na nailoni ikaondolewa kwenye soksi ikapelekwa kwenye miavuli ya wanajeshi ya kurukia kutoka kwenye ndege na kwenye kamba. Vita ilipoisha nailoni ikabaki kwenye kamba. Polipropilini ya maana ikafuata mwaka 1954, na kwa kuwa ni rahisi kutengeneza ndiyo iliyojaa kila mahali.

Zile za gharama nazitaja kwa ufupi, maana wengi wetu hatuzigusi. Aramidi, ambayo Kevlar iliyogunduliwa na mkemia Stephanie Kwolek mwaka 1965 ni mojawapo, inastahimili joto kali ila haipendi jua wala kukunjwakunjwa. Nyingine ni polietilini ya molekuli ndefu kupita kiasi, watu wanaijua kwa jina la Dyneema. Milimita 12 yake inapita tani 10 na bado inaelea. Kichekesho ni kwamba kwa kemia ni plastiki ileile ya mfuko laini, tofauti ni urefu wa molekuli na jinsi zilivyochanwa zikalala sawasawa. Ila inateleza mno, mafundo ya kawaida hayaishiki, na inayeyuka hata kabla ya polipropilini.

Haya, una kamba mkononi na muuzaji amekuambia "nailoni original". Rangi isikudanganye, rangi ni rangi, nailoni inaweza kuwa ya bluu na polipropilini nyeupe. Kata kipande kidogo, kikamue hewa itoke, kitumbukize kwenye maji. Kikielea sio nailoni, mjadala umeisha. Kikizama, ni nailoni au poliesta. Ukitaka kuendelea kachome uzi mmoja nje, ushike kwa koleo na sio vidole, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka ikidondokea ngozi inaganda nayo. Mimea inawaka, inanuka kama karatasi inayoungua, inaacha jivu linalopukutika. Plastiki inajikunja kwanza, inayeyuka, ikipoa inabaki kitone kigumu kama shanga. Polipropilini na polietilini zinanuka mshumaa. Poliesta inatoa moshi mweusi wenye masizi. Nilipochoma vile vipande vyangu, cha bluu kilinuka mshumaa mtupu, na kwenye lebo kilikuwa kimeandikwa nailoni.

Kitu cha mwisho ni hili la kuangalia kamba kwa nje ukasema nzima. Nilikuwa na kamba ya katani nene, imening'inia stoo miaka, juu ilikuwa safi kabisa, rangi imefifia kidogo tu. Nilitaka kuitumia kushushia tawi la mti. Nikaishika kwa mikono miwili nikaipindua kinyume na msokoto wake ili ifunguke katikati nione ndani, ndivyo inavyotakiwa kufanywa, na kila sehemu sio moja. Sehemu ya kwanza ndani palikuwa pa dhahabu kama mpya. Ya pili vilevile. Ya tatu, pale ilipokuwa inagusa ukuta, nilipoifungua ukamwagika unga wa kahawia kwenye viatu vyangu na nyuzi zikakatika kwa kidole. Nje bado ilikuwa inaonekana kamba. Nikaikata vipande, vile vizuri navitumia kufungia kuni, na lile tawi nikalishushia poliesta ya kuazima.